Toka-Nje: Mpokea Simu za Gesi na Uongo Wake Mmoja

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza dada, mama, bibi na shangazi yetu, tupeni masikio kidogo tuwaeleze alivyoishi. Wengi wenu mlimwita Toka-Nje, na yeye aliitika bila kununa, kwa hiyo jina hilo halitamvunjia heshima hapa. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na binti wa mdogo wake wa kiume. Mdogo wake huyo, ambaye sote tunamwita Fundi, aliusoma kabla haujapelekwa kuchapwa. Ameupinga mahali pamoja, na pingamizi lake limeandikwa pale pale linapohusika, asije akasema ameonewa na karatasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Mei 1951, mtoto wa kwanza wa mlinzi wa ghala na mshonaji wa nguo. Mama yake hakuwaamini wakunga. Alikuwa amesikia kwamba watoto hubadilishwa wodini, basi hata kabla hajapata pumzi vizuri alimfunga mtoto uzi mwekundu mguuni, kwa fundo la kishonaji ambalo asiyelijua hawezi kulirudisha akishalifungua. Kila alipozinduka usingizini alikagua fundo. Baba alipofika naye akamkagua mtoto, akaukagua uzi, kisha akamtazama mama kwa muda mrefu kuhakikisha kwamba huyo naye ni yule yule. Ndiyo nyumba aliyolelewa, na anayeshangaa tabia zake za ukubwani aanzie hapo.

Mdogo wake alizaliwa mwaka 1956. Dada akajiteua mwenyewe kuwa mlinzi wake. Alisimama kando ya kitanda na kila mgeni aliyetaka kumbeba mtoto alitakiwa kuonyesha viganja kwanza, juu na chini. Mjomba mmoja aliyekataa kuonyesha alirudi kwake bila kumshika mtoto. Fundi mwenyewe anakiri kwamba mpaka alipoanza shule alidhani kila mtoto ana dada anayeonja uji wake kabla haujamfikia.

Alianza shule mwaka 1959. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini walimu walimkumbuka. Siku moja mwalimu wa sayansi aliingia na chupa, akaifungua mezani na kusema ina manukato makali, na kila atakayeyasikia anyooshe mkono. Safu ya mbele ikanyoosha, ikafuata ya kati, mwishowe hata wale wa dirishani wakanyoosha, wengine wakipiga chafya kabisa. Ilikuwa maji matupu. Yeye tu mkono wake ulibaki mezani. Mwalimu akamuuliza, "Wewe uligunduaje?" Akajibu, "Wenzangu walikuwa wanaiangalia chupa, mwalimu. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe." Mwalimu alimpa pongezi mbele ya darasa, na yeye akashuku hata pongezi hizo. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akasomea uchapaji na upokeaji simu, na akapata cheti chake mwaka 1971.

Mwaka 1974 aliajiriwa na kampuni ya gesi, na baada ya muda akahamishiwa dawati la dharura, alikokaa mpaka alipostaafu mwaka 2006. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza mbili zinazotazamana, simu tatu ambazo moja waya wake ulikuwa umejisokota mpaka hauvutiki, feni iliyogeuza kichwa huku na huku kama mtu anayekataa, na ramani ya mabomba iliyofunika ukuta mzima na kuchakaa pale vidole vilipoigusa sana. Alipofika alikuta wenzake wakimpokea mpigaji kwa kumuuliza jina, kisha mtaa, kisha namba ya nyumba. Yeye akaona huo ni upuuzi. Mtu anaweza kutaja jina lake vizuri kabisa akiwa amesimama katikati ya gesi. Swali lake la kwanza likawa, "Umesimama wapi?"

"Nipo jikoni, naisikia inavuma."

"Toka nje kwanza."

"Lakini nataka kukueleza ilivyoanza..."

"Utanieleza ukiwa nje. Taa usizime, usiwashe. Mlango uache wazi. Usibonyeze kitu, toka na watu wako, ukifika mbali upige tena."

Halafu akakata simu. Alishtakiwa mara nyingi kwa wakubwa kwamba hana adabu. Mzee mmoja alikwenda ofisini na fimbo kumtafuta mwanamke aliyemkatia simu, akapelekwa mpaka mezani kwake, na marehemu akamwambia kwamba amefurahi sana kumwona anatembea. Aliyemhofia zaidi hakuwa mpigaji anayelia. Alimhofia yule anayeongea taratibu na kutaka aambiwe si kitu. Mtu akimwambia, "Ilikuwa inanuka, sasa imekwisha," ndipo aliponyanyuka kitini. "Pua imechoka," alikuwa akisema, "gesi haijachoka." Mpaka amestaafu hakumwamini mpigaji yeyote kwamba yuko salama bila kumuuliza mara mbili, na simu zilizokatika katikati alizipiga mwenyewe mpaka apokee mtu aliye hai.

Ndoa yake ilitokana na simu hiyo hiyo, ingawa aliishuku karibu mpaka siku ya harusi. Mwokaji mikate mmoja alipiga akisema tanuri lake linasikika vibaya. Akaamriwa atoke, akatoka, akakaa barabarani mweupe kwa unga mpaka mafundi walipofika na kukuta mpira wa gesi umepasuka. Wiki iliyofuata akapiga tena.

"Umesimama wapi?" akaulizwa.

"Nje. Tangu siku ile. Nasubiri uniambie nirudi ndani."

Marehemu akakata simu na kumshtaki kwa msimamizi, kwamba kuna mtu anaishikilia laini ya dharura makusudi, huenda ana wenzake wanaoiba mabomba. Msimamizi akaenda kumwonya mwokaji na kurudi na mikate miwili ya moto. Mmoja aliuacha kwenye meza ya marehemu, naye aliukata vipande vipande kuona kama kuna kitu ndani kabla ya kuula. Walifunga ndoa mwezi Desemba 1979 na kujaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Shemeji yetu huyo, mtu wa mzaha na mvumilivu kupindukia, alitangulia mwaka 2003, na marehemu alimlilia kwa namna iliyotutisha, kwa sababu hatukuwahi kumwona akilia jambo lolote bila kulichunguza kwanza.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo nusu ya mliokaa hapa mmelisikia kwa upande mmoja, na nusu nyingine kwa upande wa pili.

Fundi alikuwa na karakana ya kuchomelea milango na madirisha kando ya nyumba yake, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yao. Nyuma ya kiwanja hicho hupita ukanda wa bomba kuu la gesi, lile kubwa linaloleta gesi mjini, na juu yake kampuni ilikuwa imesimika nguzo fupi za njano za kuonya watu wasijenge wala kuchimba. Uzio wa karakana ulikuwa na miguu. Kila mwaka ulisogea kidogo kuelekea kwenye nguzo, na mwaka mmoja ukazipita. Nguzo moja iling'olewa kwa sururu, ikapakwa rangi mpya na kusimamishwa mbele ya geti, ikiwa imeshika kibao kilichoandikwa MILANGO, MADIRISHA, KAZI SAFI. Marehemu alimsema tangu baba yao yu hai. Fundi alikuwa na jibu moja tu, "Bomba limezikwa, mimi niko juu. Kila mtu na chake." Mkewe naye alimnong'oneza kwamba wifi ana kinyongo na kile kiwanja. Wazo hilo liliingia kwa Fundi na kukaa.

Mwaka 2009 ua wa michongoma nyuma ya karakana ulianza kukauka sehemu moja, huku kulia na kushoto majani ni kijani kibichi. Fundi alimshuku jirani yake, Mfua Mazulia, kwamba anamwaga maji ya sabuni kwenye mizizi kwa hila. Mfua Mazulia naye alishuku kwamba ni Fundi anayemwaga maji ya betri ili apate sababu ya kusogeza uzio upande wake. Wakawa wanachunguliana. Huyu akipanda ngazi kama anayepima bati, yule anaanika zulia juu kabisa ya ukuta ili naye apate pa kuchungulia. Walikuwa wamefikia hatua ya kutosalimiana, na wateja wao wakaanza kuchagua upande.

Ndipo Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, mchana, mke wa Fundi alipomwita wifi yake aje awapatanishe, kwa kuwa ana heshima mtaani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kukatika. Marehemu alifika, akawasikiliza wote wawili wakipigiana kelele, kisha akawaacha na kwenda nyuma kuutazama ua wenyewe. Alitazama lile pengo la majani makavu, akainua macho, akaona nyasi zimekufa pia upande wa pili wa uzio, na upande wa pili zaidi, zote zimejipanga zikielekea kwenye nguzo ya njano iliyofuata.

"Sabuni haipigi mstari," akasema.

Chini ya ua palikuwa na dimbwi la mvua. Katikati yake mapovu yalikuwa yakipanda mahali pamoja, yanapasuka na kupanda tena, ingawa hapakuwa na tone lililokuwa likidondoka. Akachutama. Akasikia mluzi mwembamba, kama wa sufuria inayokaribia kuchemka. Harufu hakuisikia hata kidogo, na jambo hilo halikumtuliza, kwa sababu alijua kwamba gesi ya bomba kuu bado haijatiwa ile harufu mbaya ya kuonya watu. Hutiwa kituoni, kabla ya kuingia majumbani. Akasimama taratibu, akatazama mashati yaliyoanikwa ili aone upepo unatoka wapi. Ulitoka upande wa duka la dawa.

Kwanza alisema ukweli. Hili familia inataka lieleweke, kwamba alianza na ukweli.

"Fundi, bomba linavuja. Usiwashe chochote. Watoe watu, tuelekee duka la dawa, kwa miguu."

Fundi alikuwa ameshika grainda, mashine yake ya kukatia chuma. Akacheka. "Bomba gani, dada? Mbona hainuki?"

"Hii hainuki."

"Gesi isiyonuka! Miaka yote hiyo umewaambia watu wanuse, leo unaniambia hainuki. Nani amekutuma? Wamekuahidi nini hao waajiri wako?"

"Mdogo wangu, toka. Tutagombana tukiwa barabarani."

"Nitoke, nirudi nikute uzio umebomolewa? Hiki kiwanja kimekukaa rohoni tangu baba anakufa." Akaweka grainda chini, na wale vijana wake wawili wa kuchomelea wakadhani amekubali. Hakuwa amekubali. Aliingiza mkono mfukoni na kutoa kiberiti. "Twende kwenye hivyo vipovu vyako. Nitawasha hapo hapo juu yake. Ikiwa ni gesi tutaiona, ikiwa si gesi uniombe radhi mbele ya huyu mnafiki wa mazulia."

Naye akaanza kutembea kuelekea dimbwini. Si kwamba alikuwa mjinga. Ni mtu aliyekwisha kuamua kwamba anaibiwa, na mtu wa namna hiyo ushahidi wote huuona ni sehemu ya wizi. Marehemu alilijua hilo kuliko yeyote, kwa sababu alikuwa amewasikiliza watu wa namna hiyo kazini mpaka nywele zikawa nyeupe. Alijua pia kwamba akimkamata mkono watavutana, na kiberiti kiko mkononi.

"Binti yako ameanguka barabarani," akamwambia. "Wamemlaza mbele ya duka la dawa. Hapumui vizuri. Ndicho kilichonileta, nilishindwa pa kuanzia."

Kiberiti kilianguka kwenye matope. Fundi alikimbia akiwa na viatu vya kazi na kofia ya kuchomelea imebaki kichwani, na vijana wake wakamfuata mbio, kwa sababu bosi akikimbia hivyo hakuna anayeuliza. Mkewe alitoka chumbani akipiga mayowe. Marehemu akamshika bega na kumwambia sikioni kwamba mtoto ni mzima, yuko shuleni, lakini atoke sasa hivi. Wifi alitaka kurudi azime redio na kuchukua mkoba.

"Iache iimbe, wifi. Swichi usiiguse. Twende."

Kwa Mfua Mazulia hakubonyeza kengele. Aligonga geti kwa vifundo vya vidole mpaka vikachubuka, akamwambia aiache pampu kama ilivyo na atoke. Mfua Mazulia alishuku kwamba ametumwa na Fundi, ila alipoona hata Fundi mwenyewe amekimbia akaona bora ashuku akiwa barabarani. Mteja mmoja alikuwa tayari ndani ya gari lake, ameshika ufunguo. "Baba, gari liache," marehemu akamwambia. "Miguu unayo." Waliokuwa wanakuja kuangalia kuna nini aliwarudisha.

Simu hakuitoa mpaka walipolipita duka la dawa na kufika mbali kabisa, upande upepo unakotoka. Ilipokewa na sauti ya msichana ambaye hakumjua. Msichana hakuuliza jina. Aliuliza, "Umesimama wapi?" Wifi yake anasema marehemu alifumba macho, ndipo akajibu, "Nje, mwanangu. Wote tuko nje." Kisha akaeleza mtaa, nguzo ya njano iliyo karibu, majani makavu, mapovu na mluzi. Akasisitiza kwamba hakuna aliyegusa valvu wala kujaribu kuziba kitu, na kwamba watu wanazuiwa wasisogee.

Wakati huo Fundi alikuwa ameingia duka la dawa na kulipekua. Alitazama nyuma ya kaunta, akafungua mlango wa stoo, akamkaba muuzaji akidai mtoto wake. Alipotoka alimkuta dada yake amesimama barabarani.

"Yuko wapi?"

"Yuko shuleni. Hakuanguka. Nilitaka utoke."

Fundi alivua kofia ya kuchomelea. Kisha akasema neno ambalo familia ilijadili kama liandikwe, na binti anayesoma hapa akaomba liandikwe. Alisema, "Umemuua mwanangu kwa mdomo." Akakaa chini ukingoni mwa barabara akilia, na zimamoto walipofika na kufunga mtaa walimkuta hapo. Jioni binti huyo aliporudi kutoka shuleni, baba yake alimkamata na kumshika kichwa, mabega, mikono yote miwili, kama anayetafuta palipovunjika. Hakumwambia kwa nini. Binti alikuja kuelewa siku nyingine, na tangu hapo hajaweza kumchukia hata mmoja kati yao.

Mafundi wa kampuni walifunga gesi huko huko kituoni, wakasubiri, wakapima hewa, na kesho yake wakachimba. Walisema wamekuta bomba limepasuka kidogo mahali palipokuwa na alama ya kale ya kukwaruzwa na sururu. Wakalitengeneza na kufukia. Redio ya wifi iliimba ndani ya nyumba tupu mpaka betri ikaisha. Haikupita muda karakana ikaamriwa kuondoka kwenye ukanda wa bomba, na Fundi akahamia alipo sasa.

Kwa ombi lake inaandikwa hapa kwamba Fundi hakubaliani na aya iliyotangulia. Anasema yeye alioneshwa udongo mbichi tu, bomba lililopasuka hakuoneshwa. Anasema sururu ziko nyingi duniani. Na anasema mtu aliyeweza kudanganya kuhusu mtoto, uongo wa gesi utamshindaje?

Hilo swali lake la mwisho ndilo lililowatenganisha kwa miaka kumi na nne. Lilimuuma marehemu. Laiti pangelipuka, angeaminiwa. Kwa kuwa hapakulipuka, alibaki mwongo. Mtaani watu walisema kampuni ilimtumia. Wengine walisema alilipiza kisasi cha urithi. Sikukuu zikifika Fundi alituma salamu kwa mkono wa binti yake, "kwa dada wa gesi," na marehemu alipokea na kurudisha salamu "kwa mwenye karakana." Kila alipopata nafasi alipita kwenye ule ukanda na kutazama. Michongoma ilichipua upya, nyasi zikajaa, ule mstari ukafutika. Akamtuma binti amwambie baba yake akaangalie. Fundi akaenda, akaangalia, akarudi na jibu, "Mfua Mazulia si kahama na sabuni yake?"

Mwaka 2022 miguu ya marehemu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari walisema ni moyo. Yeye aliwataka wauseme ugonjwa huo mmoja mmoja, kila daktari peke yake chumbani, aone kama maneno yatalingana. Alimeza dawa zake baada ya kulinganisha rangi ya kidonge cha leo na cha jana. Wauguzi walimlalamikia, halafu wakampenda, na mmoja wao yuko nasi leo. Alilazwa kwa mara ya mwisho mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2024. Hata kuhusu kaburi hili alimuuliza mwanawe nani amethibitisha kwamba chini hapapiti kitu, na mwanawe akalazimika kwenda kuuliza na kumletea jibu.

Siku chache kabla hajafariki, Fundi alikwenda hospitalini. Alijifanya amekuja kutazama gurudumu la kitanda ambalo alisikia linalia. Alilitazama, akalikaza, akakosa kingine cha kukaza, akavuta kiti. Binti yake alikuwepo na alisikia yote.

"Fundi," marehemu akamwita.

"Naam, dada."

"Siku ile, kama ningeurudia ukweli mara ya pili, ungetoka?"

Fundi aliwaza. Si mtu wa kupaka maneno mafuta. "Nisingetoka."

"Na mara ya tatu?"

"Ningekuwa nimeshawasha kiberiti."

"Basi," akasema. "Mimi sikutaka uniamini. Nilitaka utoke."

Fundi akainama, akaushika mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso wake, wakakaa hivyo. Kisha akasema, "Lakini gesi haikuwepo." Marehemu alicheka mpaka kinyago cha oksijeni kikajaa mvuke, na muuguzi akaja mbio akashuku kwamba Fundi amemfanya kitu. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Tunawashukuru madaktari, wauguzi na wote waliomhudumia.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, mtoto wa kike na wajukuu watano. Ameacha wifi yake, ambaye bado ana ile redio. Ameacha Mfua Mazulia, aliyesafiri kutoka mbali na ambaye asubuhi ya leo amesalimiana na Fundi. Ameacha vijana wawili wa kuchomelea, ambao sasa ni watu wazima wenye karakana zao, na watoto wao sita, wote waliozaliwa baada ya Alhamisi ile. Ameacha binti wa mdogo wake, anayewasomea haya, ambaye hakukuta siku hiyo jivu mahali pa baba na mama yake. Na ameacha mdogo wake mmoja, Fundi, aliyekaa safu ya mbele, ambaye mpaka dakika hii anatikisa kichwa kukataa, na ana kichwa cha kutikisa.

Apumzike kwa amani. Sisi tupo.